Nunua Chuma, Kompyuta Itafuata

Kagunga ndiko Tanzania inakoishia upande wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika. Nyuma ya kijiji milima imesimama wima, mbele ni maji, na ukivuka mpaka kidogo tu uko Burundi, upande wa Nyanza-Lac. Kwa miaka mingi njia ya kwenda mjini Kigoma ilikuwa ziwa lenyewe: unapanda boti, unapita Mwamgongo, unapita misitu ya Gombe wanakokaa sokwe, ndipo ufike. Kwa hiyo injini ya boti ikiharibika Kagunga, hasara haiishii kwenye injini. Kilichokatika chaweza kuwa kitu kidogo kuliko kidole gumba, ile kii inayoshika pangaboi kwenye shafti, au bushi iliyolika ikaacha shafti inacheza. Lakini boti inavutwa mchangani, dagaa wanapita, na abiria wa sokoni wanatafuta chombo kingine.

Ndiyo maana wazo la vijana mafundi kuchanga fedha wanunue mashine iliyotumika ya milingi ya CNC, yaani ya kuchonga chuma kwa kuongozwa na kompyuta, waiweke kwenye karakana ya pamoja, si anasa wala si ndoto ya watu wa mjini. Ni wazo zuri na natamani lifanikiwe. Tatizo ni pale linapoanzia. Mtu anafungua simu, anaona picha ya mashine yenye skrini, vitufe vingi na rangi mpya, moyo unampanda. Anachokitazama ni kompyuta. Chuma kinachoibeba hiyo kompyuta hakitazami, na chuma ndicho atakachoishi nacho.

Mwambao huu una ushahidi wake juu ya jambo hilo, tena ushahidi wenye urefu wa mita 71. Meli ya MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, kwenye kiwanda cha Meyer, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakashushwa Dar es Salaam, yakaletwa Kigoma, na meli ikaunganishwa upya pwani ya ziwa chini ya mafundi watatu waliotumwa na kiwanda hicho: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Iliingia majini tarehe 5 Februari 1915, wakati huo ikiitwa Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani walikuwa wanarudi nyuma katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na amri ikatoka meli izamishwe isiangukie mikononi mwa adui. Ilizamishwa tarehe 26 Julai 1916 karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Ila kabla ya kuizamisha, mafundi wale walizipaka injini zake grisi nene.

Waingereza waliiibua Machi 1924. Sehemu kubwa ya miaka ile 8 ilikuwa imelala chini ya maji, na bado injini na maboila yake yalikutwa yanafaa. Ilirudi kazini Mei 1927 kwa jina la Liemba, na injini zake za mvuke zikaendelea kufanya kazi hadi miaka ya 1970 zilipong'olewa na kuwekwa za dizeli. Chuma kilichotunzwa kilisubiri. Cha kubadilishwa kilibadilishwa wakati wake ulipofika.

Watu wa Kagunga wanajua thamani ya chuma kile kuliko mtu yeyote. Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walifurika kwenye ufukwe wao mwembamba. Vyoo havikutosha, maji safi hayakutosha, na kipindupindu kikaingia. Barabara ya kuwatoa haikuwepo. Liemba, iliyokuwa imetimiza miaka 100 tangu iguse maji ya ziwa, ilitia nanga mbali na ufukwe, boti ndogo zikapeleka watu hadi ubavuni mwake, ikawabeba mamia kwa mamia kwenda Kigoma, na kutoka huko wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Mtu anayesema mashine iliyotumika haina maana asimame pale ufukweni awaulize wazee.

Sasa tuje kwenye milingi. Katika milingi ya kawaida kikatio kinazunguka, kazi imebanwa kwenye jiliwa juu ya meza, na fundi anazungusha magurudumu kwa mkono kusogeza meza: kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Katika CNC kazi hiyo ya kuzungusha inafanywa na mota, na mota zinaongozwa na kompyuta kwa namba. Wazo lilianzia Michigan, Marekani, kwa John Parsons, aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta na kutafuta njia ya kuchonga maumbo yasiyowezekana kwa mkono. Chuo cha MIT kikalionyesha hadharani mwaka 1952, mashine ikisoma maelekezo kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Na mashine yenyewe haikuundwa upya. Ilikuwa milingi ya Cincinnati iliyokwishakuwapo, ikafungwa mota na makabati ya umeme. Tangu siku yake ya kwanza, basi, CNC ilikuwa chuma cha zamani kilichopewa akili mpya. Makabati yale yamebaki historia, lakini chuma cha namna ile bado kiko viwandani kinapiga kazi.

Je, kikundi cha Kagunga kinaihitaji kweli? Nitasema ninavyoamini. Kazi nyingi za injini za boti ni za kukereza: bushi, shafti, pini. Hizo zinataka leti, si milingi. Kii na mfereji wake zinataka milingi, ila ya mkono inatosha. Kikundi kisicho na leti kikinunua CNC kitakuwa kimeanza kujenga nyumba kwa paa. Leti nzuri ije kwanza, halafu milingi ya mkono, au milingi ya CNC ambayo mota zake zikizimwa bado inaweza kusogezwa kwa mkono. Aina hiyo ipo, na kwa karakana ya watu wengi ndiyo ningeipigania.

CNC inaanza kujilipa pale kitu kimoja kinapotakiwa mara nyingi. Hapo Kigoma ina bahati yake, nayo ni michikichi. Mawese yanakamuliwa karibu kila kona ya mkoa, serikali imekuwa ikisukuma zao hilo tangu mwaka 2018, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha mbegu bora. Mbegu bora zikileta matunda mengi, mashine za kukamulia zitakuwa nyingi, na zote zina sehemu zinazolika: gia, bushi, na mabati yenye matundu ya kupitishia mafuta. Bati lenye matundu 200 yaliyopangwa sawasawa linamchosha fundi wa mkono siku nzima, na tundu la 150 huwa halifanani na la kwanza. Mashine ya namba haichoki. Vilevile inachonga gia yenye meno yanayolingana, na inachonga kalibu za kumiminia alumini au plastiki, kazi ambazo leo watu wa Ujiji na Kasulu wanazifuata Mwanza au Dar es Salaam.

Kuna pia majira ya ziwa. Mwaka 2024 uvuvi upande wetu wa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Kipindi kama hicho vyombo vya uvuvi viko nchi kavu, injini zimefunguliwa, na mwenye chombo anataka kila kitu kiwe tayari siku ziwa linapofunguliwa. Karakana iliyokwishachonga akiba ya vipuri inafanya biashara. Inayosubiri kuagiza inapitwa.

Haya, mmeamua kununua. Mkifika kwa muuzaji msiombe kuonyeshwa skrini. Nendeni na geji yenye uso wa saa. Ibaneni kwenye kichwa cha mashine, ncha yake iguse kipande cha chuma kilichobanwa katikati ya meza. Sogezeni meza kulia hadi mshale utembee, simamisheni, kisha iamuruni irudi kushoto kwa hatua za sehemu ya mia ya milimita. Hesabuni hatua ambazo kompyuta inadai meza imesogea ilhali mshale haujatikisika. Huo ndio ulegevu wa skrubu inayosukuma meza. Hatua 1 au 2, mashine ina afya. Zikifika 5, kwa kazi za boti na mawese bado inafaa. Zikipita 10, bei ishuke sana au mwondoke.

Hapo bado hamjamaliza. Rudieni kipimo kilekile mwisho wa kulia wa meza, kisha mwisho wa kushoto. Kila fundi aliyewahi kuitumia mashine ile alifunga jiliwa lake katikati, kwa hiyo katikati ndiko skrubu na njia za meza hulika, na pembeni hubaki karibu kama zilivyotoka kiwandani. Ulegevu ukiwa sawa kote, kompyuta inaweza kuambiwa iufidie. Ukiwa mkubwa katikati na mdogo pembeni, hakuna programu itakayowaokoa; mkikaza ili katikati pawe sawa, meza itakwama pembeni. Kwangu mimi kipimo hiki kina uzito kuliko mwaka wa kutengenezwa, kuliko jina la kampuni, kuliko rangi.

Baada ya meza, mhimili unaozungusha kikatio. Uzungusheni kwa kasi kubwa kwa nusu saa bila kukata kitu. Beringi nzima hutoa mvumo mmoja usiobadilika. Beringi zilizochoka huguna, na mguno unapanda kadiri joto linavyopanda. Wekeni kiganja kwenye kichwa cha mashine karibu na beringi, mbali na kinachozunguka: joto la kuvumilika ni la kawaida, lakini mkilazimika kuondoa mkono, hesabuni gharama ya beringi mpya, na beringi za mhimili huo si za kuokota dukani. Kisha fungueni mabati yanayofunika skrubu. Kule ndani mirija midogo inapaswa kupeleka mafuta kwenye njia za meza. Muuzaji anayepaka rangi nje hafiki huko. Mkikuta njia kavu, zenye mikwaruzo inayoshika kucha, mmeshajua namna mashine ile ilivyotunzwa.

Kompyuta sasa. Ikiwa hai, vizuri. Ikiwa imekufa, msikimbie, kwa sababu hapo ndipo penye bei nafuu. Shule na vyuo vya Ulaya vilinunua milingi ndogo za CNC za kufundishia, kama za Denford ya Uingereza na Emco ya Austria. Mashine za namna hiyo mara nyingi zilikata nta, plastiki na alumini laini, saa chache kwa wiki, na likizo zikapumzika. Kompyuta zao zimepitwa na wakati, lakini chuma hakijachoka. Fundi umeme mwenye subira anaweza kuondoa ubongo wa zamani na kufunga kompyuta ya kawaida yenye LinuxCNC, programu ya bure ambayo mizizi yake ni kazi ya taasisi ya viwango ya Marekani katika miaka ya 1990. Kubadili ubongo ni kazi ya wiki kadhaa na fedha za kuchangisha. Kubadili njia za meza zilizolika ni kazi ya kiwanda.

Kuna mtego mmoja katika kompyuta za zamani, nao unamhusu hasa mtu wa Kigoma kwa sababu ya urefu wa safari. Mifumo mingi, pamoja na ile ya Fanuc, huhifadhi takwimu zote za mashine kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo. Betri ikiisha wakati mashine iko ndani ya kontena, inafika ikiwa haijui hata urefu wa meza yake. Kabla haijazimwa kwa muuzaji, wekeni betri mpya huku mashine inawaka, kisha pigeni picha kurasa zote za takwimu hizo, moja baada ya moja, na mzihifadhi kwenye simu za watu watatu tofauti. Daftari la mchoro wa nyaya likikosekana, daini punguzo.

Umeme nao una mambo yake. Kigoma ilikaa miaka mingi ikitegemea majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya taifa kuingia mkoani mwaka 2022. Gridi kuwepo hakumaanishi kila kitongoji kina umeme wa njia tatu, ambao mashine kubwa zinautaka. Milingi ndogo yaweza kuendeshwa kwa umeme wa njia moja kupitia inveta inayotoa umeme wa njia tatu. Muhimu ni asili ya mashine. Iliyotoka Uingereza au bara la Ulaya inapatana na umeme wetu wa volti 230 na 400, mizunguko 50. Ya Japani mara nyingi inataka volti 200, kwa hiyo ongezeni bei ya transfoma. Ya Marekani iliundwa kwa mizunguko 60, na mjue mapema mtaihangaikia.

Wanunuzi wengi hutupia macho nje ya nchi tu. Mimi ningeanzia ndani: minada ya mali za mashirika, mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam, vyuo vinavyobadilisha mashine. Nchi hii iliwahi kuwa na mpango wa kujitengenezea mashine zake, ndipo kikajengwa kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools wilayani Hai kwa msaada wa Bulgaria katika miaka ya 1980. Na zana zilizotumika kutoka ng'ambo si jambo geni kwa mafundi wa vijijini: shirika la Tools for Self Reliance la Uingereza lilifanya kazi ya miaka mingi ya kukarabati zana za mkono na kuzileta, likishirikiana na SIDO, shirika letu la viwanda vidogo.

Mkiagiza wenyewe, wakala wa forodha aulizwe kabla ya kulipa chochote. Kwa viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki mashine za namna hii kwa kawaida hazina ushuru wa forodha, lakini VAT ya asilimia 18 ipo, na vitu vilivyotumika vina taratibu za ukaguzi za shirika la viwango, TBS. Ushauri wangu ni kugawa fedha mafungu matatu yanayolingana: moja la mashine, moja la safari na kodi, moja la vikatio, vishikizo, jiliwa na matengenezo ya kwanza. Kikundi kinachomaliza fedha zote kwenye mashine kinaishia kuwa na sanamu.

Safari yenyewe ina mbinu ambayo ziwa hili linaijua tangu mwaka 1915. Milingi ya kiwandani kama Haas mara nyingi huwa na zaidi ya tani 3, na hiyo sioni ikifika Kagunga kwa njia ya busara. Ile ya ukubwa wa Bridgeport, yenye tani moja au zaidi kidogo, inafunguka: meza peke yake, kichwa peke yake, nguzo peke yake. Kila uso uliong'arishwa upakwe grisi nene na kufungwa karatasi ya mafuta, maana unyevu wa mwambao hauna huruma na chuma kitupu. Kila waya ufungwe kibandiko chenye namba kabla haujachomolewa. Kutoka Dar es Salaam treni inafika Kigoma. Kutoka Kigoma kwenda kaskazini vipande vilale chini kabisa ndani ya boti, kwenye mbao pana, kwa kuwa milingi uzito wake uko juu na ikisimamishwa itataka kuanguka kwenye wimbi la kwanza.

Hata hivyo, kwa miaka ya mwanzo ningeiweka CNC Kigoma mjini na si Kagunga. Pale kuna SIDO, kuna chuo cha ufundi cha VETA, kuna mtu wa kuuliza mashine ikigoma. Kagunga ipate leti na milingi ya mkono, na vijana wake wawe wanachama wenye zamu zao mjini. Karakana ya pamoja ya Gearbox ya Nairobi, iliyoanzishwa na Kamau Gachigi, imeonyesha kwamba watu wasio na uwezo wa kununua mashine wanaweza kulipia muda wa kuitumia. Kituo cha ubunifu cha Twende cha Arusha kimeonyesha kwamba mtu wa kawaida akifundishwa anabuni. Hakuna sababu mwambao wa Tanganyika usiwe na chake.

Fedha za kuanzia zipo kisheria. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Lakini bodaboda ikinunuliwa kwa mkopo huo Jumatatu, Jumanne inaingiza fedha. Milingi iliyotumika inakaa baharini, inakaa bandarini, inakaa kwenye behewa, kisha inahitaji wiki za kusafishwa na kupimwa kabla haijachonga kipuri cha kwanza cha kuuza. Ombi langu kwa madiwani wa Kigoma, wa manispaa na wa vijijini, ni hili: kikundi kinachonunua mashine ya uzalishaji kihesabiwe marejesho kuanzia siku mashine inapowashwa karakanani na afisa wa halmashauri akiwapo, si kuanzia siku fedha zilipoingia benki.